Kukusanya vitabu na picha za zamani za michezo ukiwa Mombasa: anza na karatasi

Watu wengi wakiingia kwenye mambo ya kukusanya vitabu vya zamani vya uwindaji, uvuvi, farasi, rali na kadhalika, watazama picha kwanza, halafu bei, karatasi yenyewe hawaishughulikii kabisa. Mie nasema geuza, anza na karatasi, manake ndio itakwambia kitu ni cha lini, kama ni cha kweli, na kwa hili joto letu na hii hewa ya chumvi kama kitawafikia wajukuu zako ama kitakuozea kabatini.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi chagua upande mmoja. Ukisema wakusanya "michezo" tu utajaza nyumba makaratasi. Na sisi watu wa Mombasa tuna bahati, hadithi nyingi za hivi vitabu zaanzia hapa hapa kisiwani. Reli ilianza kujengwa 1896, ikifika 1898 simba wawili wakawa wala wafanyikazi pale Tsavo mpaka kazi ikasimama, na yule injinia wa daraja aliyewaua, J.H. Patterson, akaandika The Man-Eaters of Tsavo, Macmillan wakakitoa London 1907. Aprili 1909 Roosevelt, ndio kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, akashuka meli hapa hapa, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake African Game Trails. Kama uwindaji haukuvutii kuna rali, ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, na programu zake na picha za madereva kina Joginder Singh na Shekhar Mehta bado ziko kwenye masanduku ya watu. Kuna mpira pia, enzi za timu kama Feisal na Liverpool yetu ya Mombasa, na hii mie naiona ndio ya kukimbilia sahizi, manake watu hawaziweki hizo picha na tiketi, nyumba ikihamwa zatupwa na takataka.

Haya, kitabu kiko mkononi. Nenda kwenye ukurasa wenye jina la kitabu, soma mwaka, halafu geuza usome nyuma yake pole pole. Hiki cha Patterson kimechapwa tena na tena, kwa hivyo ukikuta hapo nyuma kumeandikwa kwamba kimechapwa upya, basi sio toleo la kwanza, hata muuzaji aape kwa babake na mamake. Vitabu vya wachapishaji Scribner's wa New York vya kuanzia 1930 vina alama yao, herufi A peke yake kwenye huo ukurasa wa nyuma, kwa mfano Green Hills of Africa ya Hemingway ya 1935, ukikosa hiyo A rudisha kitabu mahali pake ama ukilipie bei ya kitabu cha kawaida. Kisha fungua orodha ya picha pale mwanzo uhesabu moja moja mpaka mwisho, na ramani ya kukunja uifunue kabisa, hizo ndizo watu huzichana kwanza wakatie fremu. Jaketi la karatasi, lile linalofunika jalada, likiwepo, hata limechakaa, usilitupe na usilitie selotepu, kwa vitabu vya miaka ya 1920 na 1930 lenyewe laweza kupandisha bei mara kadhaa. Na usimpelekee fundi akivike ngozi mpya ndio kipendeze, jalada la asili lililochoka lina thamani kuliko jipya linalong'aa.

Picha za kuchapa ndio kazi zaidi, na ndipo watu waibiwapo. Nunua ile lenzi ndogo wanayotumia masonara, inayokuza mara kumi yatosha. Shika picha, tuseme ni wawindaji wa Kiingereza juu ya farasi na mbwa wao, aina ya Henry Alken, yule mchoraji ambaye mkusanyiko wake wa michezo ya Uingereza ulitoka 1821. Weka lenzi kwenye mbingu ya picha, usiweke kwenye nguo nyekundu, mbingu ndio haifichi kitu. Ukiona vidoti vimejipanga mistari sawasawa, ama vidoti vya buluu, njano na waridi vimezungukana, hiyo imechapwa na mashine kutokana na picha ya kamera, kazi iliyoenea kuanzia miaka ya 1880, kwa hivyo Alken wa 1821 haiwezi kuwa. Ukiona chembe chembe zisizolingana, kama mchanga uliomwagwa, na rangi ya brashi imevuka mstari kidogo hapa na pale, hapo moyo uanze kudunda, hiyo yaweza kuwa imechapwa kwa bamba la shaba ikapakwa rangi kwa mkono. Pitisha kidole kandokando utafute mbonyeo wa bamba, mstatili umezama kwenye karatasi. Halafu inua juu uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, karatasi nyingi za Kiingereza za wakati huo zina jina la mtengenezaji na mwaka ndani yake, J Whatman kwa mfano. Huo mwaka ni wa karatasi lakini, picha haiwezi kuwa ya kabla yake ila yaweza kuwa ya baadaye sana, na mabamba ya Alken yalichapwa tena miaka mingi.

Kingo zikiwa zimekatwa mpaka kwenye picha usinunue, labda iwe ya bure.

Kutafuta: zunguka maduka ya vitu vya kale kule Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, wauza vitabu mitumba wa mjini, na matangazo ya madalali kwenye magazeti, lakini vitu vizuri hutoka majumbani, mzee amefariki na watoto wako ng'ambo. Hapo uende na adabu. Piga hodi, wape pole, kaa, kunywa chai, sema "Bi mkubwa, nimeskia kuna vitabu vya marehemu, nikipata ruhusa ningeviangalia", usiingie ukipekua. Na kitu kikiwa cha thamani mwambie ukweli, familia ukiidhulumu Mombasa hii habari zitakutangulia kila mlango. Wakitaka kukuunganishia pembe, ngozi ya chui ama meno ya ndovu kwenye bei moja, kataa kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977 na kukaa na nyara bila kibali ni kesi.

Sasa kuhifadhi, na hapa ndio nataka uniskize vizuri. Kuvu hupenda unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi na sisi mara nyingi tuko juu ya 70, msimu wa masika ndio usiseme. Nunua kipimo kidogo cha unyevu ukiweke ndani ya kabati. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, hasa hizi nyumba za mawe ya matumbawe, ukuta wanywa maji ukayatoa ndani. Vitabu visimame bila kubanana, feni ipite, na usiviweke kwenye chumba mnachofukizia udi kila jioni, moshi wagandia kwenye karatasi na hautoki. Kitabu kipya usikichanganye na vingine mpaka ukikague mende, mchwa na wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokula gundi. Ukiona unga unga ama vitobo, kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga sawasawa, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, na ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili kiwe na joto la chumba, ukifungua mapema unyevu wa hewa yetu utageuka maji juu ya karatasi. Madoa ya kahawia yaache yalivyo, Jik haiguswi hapa.

Picha ukiitia fremu mwambie fundi atumie kadibodi isiyo na asidi, aache nafasi kati ya picha na kioo, asiibandike kwa gundi, na uitundike ukuta wa ndani ambao jua haliufikii. Nyuma ya fremu andika kwa penseli laini ulinunua wapi, lini na kwa bei gani, risiti iweke kwenye bahasha mbali na picha yenyewe.