Dadu ikikataa, hadithi isisimame

Ukicheza na watoto ile michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambapo wewe unasimulia hadithi, kila mtoto anaamua mhusika wake afanye nini, na dadu inaamua kama amefaulu, kitabu kinene cha kanuni kiweke kando kwanza. Dadu moja ya kawaida ya pande 6 inatosha. Mtoto akitaka kuruka mto, arushe: akipata 4 au zaidi amevuka, yaani nusu kwa nusu. Jambo likiwa rahisi, hata 3 itoshe.

Kazi iko pale anaposhindwa. Ukisema tu "umeshindwa", mtoto mdogo atanuna na mchezo utakufia mkononi. Mpe matokeo yanayoisukuma hadithi: ametumbukia mtoni, lakini maji yamempeleka hadi kwenye pango ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Kitinda mimba wangu siku hizi hushangilia akipata 1! Kisha uliza, "Sasa unafanya nini?" na unyamaze. Nyamaza kweli, hata kimya kikirefuka, maana hapo ndipo wanapobuni mambo ambayo wewe usingeyawaza.

Zimwi likiwatisha, waruhusu kuzungumza nalo badala ya kupigana. Na maliza wakiwa bado na hamu, dakika 30 au 40 hivi.