Tabora ya mezani: kujenga reli yako ya kwanza ya mfano

Mzee aliyenipa kazi hii alistaafu reli akiwa stesheni masta, na sasa anaishi Morogoro. Siku moja nimekwenda kumwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Kijana, wewe si una vitreni vyako huko Dar? Nitengenezee Tabora." Nikadhani ananitania. Kumbe keshapima ukuta wa chumba cha wanawe kwa kamba, na fundo kalifunga.

Tulifanya kazi Jumamosi kwa Jumamosi. Naandika hapa tulivyofanya, pamoja na pale tulipopotea, maana karibu maelekezo yote niliyokuwa nayo yanamchukulia msomaji kama mtu mwenye ghala la nyumba na duka la vitreni mtaa wa pili.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja tu

Mzee alitaka Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza. Kwenye ukuta mmoja. Nilimkatalia kwa adabu. Ukibana stesheni sita kwenye meza, kila moja inakuwa reli mbili na kibanda, na treni inatoka stesheni moja huku mkia wake bado uko nyingine.

Tabora inatosha yenyewe. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Ni njiapanda: treni zinaingia, zinakatwa, mabehewa yanapangwa upya, vichwa vinabadilishwa. Kazi ipo hata kama treni haiendi mbali. Kwa reli ndogo ya nyumbani, shunting, yaani kusukuma na kupanga mabehewa, ya mabehewa manne inachosha akili kwa raha kuliko treni inayozunguka duara kama nzi kwenye taa.

Hatua ya 2: Kipimo

Hapa kuna hesabu inayowafaa hasa watu wa kwetu. Reli za N, ukubwa mmojawapo mdogo wa reli za mfano, zina upana wa milimita 9. Kwa kipimo cha 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160, milimita 9 ni sawa na milimita 1440 za kweli, yaani karibu kabisa na SGR, ile reli mpya ya kisasa, yenye 1435. Lakini reli ya zamani ya Tabora ni ya mita moja. Ukichukua reli hizohizo za milimita 9 ukajenga nyumba, watu na mabehewa kwa 1:120, unapata milimita 1080. Umezidisha sentimita nane za kweli, na hakuna jicho litakaloziona.

Kwa hiyo tulinunua vichwa vya N kwa ajili ya mota na magurudumu, tukavua maboksi yao ya juu, na kujenga mapya kwa kadi ngumu kwa 1:120. Anayetaka ukubwa zaidi ana kipimo kinachoitwa HO, 1:87. Huko reli ya mita moja inawakilishwa kwa reli za milimita 12, na vifaa vyake ni ghali na vichache. HO ya kawaida yenye milimita 16.5 waachie wanaojenga SGR na wenye sebule pana.

Hatua ya 3: Mchoro

Chora kwa ukubwa halisi. Gundisha magazeti, tandaza sakafuni, chora kwa kalamu nene, kisha panga reli juu yake. Programu za kuchorea zipo na ni nzuri, ila nimeona watu wakichora mwaka mzima bila kununua msumari.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza kona: kwa reli za N usishuke chini ya nusu kipenyo cha milimita 249, na palipo na nafasi panua. Pili mwinuko. Mzee alitaka daraja, treni ipite juu ya nyenzake. Kwa kipimo chetu hapo unahitaji kimo cha kama sentimita 6. Ukipanda kwa asilimia 2, ambao ni mwinuko wa heshima, hizo ni mita 3 za kupanda na mita 3 nyingine za kushuka. Tuliacha daraja.

Hatua ya 4: Ubao

Shiti moja la plaiwudi la futi nne kwa nane. Mwambie muuza mbao alipasue katikati kwa urefu: unapata mbao mbili za sentimita 60 kwa 240. Sentimita 60 ndio mwisho wa mkono kufika bila kulalia stesheni. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, zilizokauka. Paka vanishi au rangi pande zote, chini pia, maana unyevu huingia upande uliousahau. Miguu paka dawa ya mchwa.

Unganisha vipande kwa bolti, sio misumari. Mzee ni wa kupanga. Siku moja atahama.

Hatua ya 5: Kulaza reli

Sehemu iliyofichika tulitumia reli za kampuni ya Kato zenye kokoto za plastiki zilizoungana nazo: zinabana, zinafunguka, zinarudiwa. Pale stesheni tukatumia reli za kupinda za Peco, kipande cha milimita 914, kwa sababu mataruma yake yanapendeza. Chini yake tulilaza shiti la sponji gumu wanalotumia mafundi viatu kutengeneza kandambili, tukilipima unene hadi reli za aina mbili zikawa sawasawa. Linapunguza kelele kuliko koki, lile gome la vizibo vya chupa.

Acha mwanya wa unene wa kadi kwenye viungio kadhaa. Mchana wa joto utakushukuru.

Hatua ya 6: Umeme, na Jumamosi tatu zilizopotea

Anza na hili: soma nyuma ya kila adapta. Ya Kijapani imetengenezewa volti 100, ya Kimarekani 120, ukutani kwetu kuna 230. Mimi nilichomeka bila kusoma. Moshi wake unanukia samaki.

Sasa natumia adapta ya volti 12 na ampea 2, na kidhibiti kasi cha mota ndogo. Nyaya kuu mbili, nyekundu na nyeusi, zile za 1.5 za nyumbani, zinapita chini ya ubao wote. Kila karibu mita moja zinapandisha vijiwaya vyembamba hadi kwenye reli. Usitegemee viungio vya reli vibebe umeme. Vitabeba mwezi wa kwanza tu. Lehemu kwa waya wa lehemu wenye ulimbo (rosin) ndani. Ile asidi ya mafundi bati itakula reli polepole na hutajua kwa nini treni inasitasita.

Halafu funga taa ya breki ya gari, volti 12 wati 21, kwenye waya mmoja unaotoka kwenye kidhibiti kwenda relini, umeme upite ndani yake. Treni ikienda kawaida taa haiwaki. Ikitokea shoti, inawaka kali, umeme unabanwa, na hakuna kinachoungua.

Taa hiyo ndiyo iliyotutesa.

Mzee alikuwa na sharti: treni ikitoka Tabora kwenda Mwanza, ipotee nyuma ya mlima, igeuke, irudi kichwa mbele. Nikachora kitanzi: njia moja inaingia kwenye pointi (pale reli inapogawanyika njia mbili), inazunguka, na kurudi kwenye pointi ileile. Tukalaza. Kila kipande kilijaribiwa, safi. Tukaweka kipande cha mwisho cha kufunga kitanzi, na taa ya breki ikawaka chumba kizima. Treni hata haijawekwa.

Jumamosi ya kwanza tulitafuta msumari uliolala juu ya reli mbili. Ya pili tulikata vijiwaya vyote na kuvirudisha kimoja kimoja. Ya tatu nilifungua pointi yenyewe nikaiharibu. Mzee alikaa kimya akinywa kahawa, kisha akasema, "Mbona hiyo reli ya kushoto ikizunguka inakuja kuwa ya kulia?"

Ndio shoti yenyewe. Treni hizi zinakwenda kwa umeme kama wa betri: reli moja chanya, nyingine hasi. Weka kidole kwenye reli ya kushoto, kitembeze kuingia kitanzini, zunguka nacho. Ukirudi pointini kidole kiko kwenye reli ya kulia. Umeunganisha chanya na hasi kwa mkono wako, na hakuna msumari wala waya mbovu wa kulaumiwa. Pembetatu ya kugeuzia vichwa vya mvuke ina ugonjwa huohuo.

Kwa hiyo kabla ya kupiga msumari hata mmoja, fanya jaribio hili kwenye mchoro wa gazeti. Chukua behewa moja, bandika karatasi nyekundu ubavu wa kushoto. Lisukume kwa mkono kupitia kila njia unayoweza, mbele na nyuma, bila kulinyanyua. Kama kuna mahali litapita tena huku nyekundu imehamia juu ya reli ya pili, una kitanzi cha kugeuza. Sio dhambi, ila kinataka mambo yafuatayo.

Kata umeme wa kitanzi kwa viungio vya plastiki vinne: reli zote mbili upande wa kuingilia, reli zote mbili upande wa kutokea. Wengi huweka viwili wakadhani inatosha. Kila jozi ya mianya itazamane. Ukipishanisha, gurudumu litapata wasaa wa kuunganisha vibaya.

Kipande kilichotengwa lazima kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Magurudumu ya chuma yanaziba mwanya yanapopita. Kichwa kikiwa kinatoka huku behewa la mwisho bado linaingia, taa ya breki itakusalimu. Treni yetu ni sentimita 70, kipande hicho tumekipa kama mita 1.2.

Kama makutano ya pointi zako, pale reli mbili zinapovukana, ni ya chuma yenye umeme, reli mbili za ndani zinazotoka kwenye makutano nazo zinataka viungio vya plastiki. Hivyo ni vingine, usivihesabu kwenye vile vinne.

Kisha swichi ya miguu sita. Umeme unaingia miguu miwili ya upande mmoja. Kutoka hapo nyaya mbili zinavuka kwa umbo la X kwenda miguu miwili ya upande wa pili. Miguu ya katikati ndiyo inayopeleka relini. Nilikuwa nafunga swichi mbili, moja ya njia kuu na moja ya kitanzi, na kila mara nasahau ipi ni ipi. Sasa nafunga moja, ya njia kuu. Kitanzi kinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye kidhibiti, bila kubadilika, na treni inakizunguka upande mmoja siku zote. Inaingia, ikishakuwa ndani yote unageuza swichi ya njia kuu na pointi, inatoka bila kujua lolote. Ikishindwa kuingia mara ya kwanza, badilisha nyaya mbili za kitanzi, basi.

Wenye mfumo wa dijitali wana kidude kinachofanya hayo chenyewe. Viungio vinne bado viko palepale.

Hatua ya 7: Mandhari

Hapa kila mtu ana mkono wake. Kokoto ni mchanga wa mto uliochekechwa kwa chujio la chai; pitisha sumaku kwanza, maana chembe za chuma huingia kwenye mota. Mchanga wa pwani una chumvi, uache. Mwaga, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Miti ni mashada makavu ya maua ya mwembe, na Tabora bila miembe si Tabora.

Hatua ya 8: Kuendesha

Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa marufuku: unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu.

Mzee ameandika ratiba kwenye daftari la shule, na hakuna treni inayotoka bila yeye kugonga kengele. Ile ya Mwanza ndiyo inayochelewa. Inaingia nyuma ya mlima, yeye ananyoosha mkono kuchukua kikombe, anasahau swichi, na taa ya breki inawaka. "Kijana," ananipigia simu, "Mwanza wamenikatalia tena."