Muvi ukiwa Istanbul

Wana Kariakoo mnaofata mzigo Istanbul, jioni mkimaliza mizunguko ya Laleli, kule kwenye maduka ya jumla, msijifungie hotelini, nendeni sinema, ila kabla hujalipa angalia ratiba pembeni ya jina la muvi, ukiona dublaj achana nayo maana hapo hata muvi ya Marekani inaongea Kituruki mwanzo mwisho, we tafuta altyazılı, sauti inabaki ile ile Kituruki kinapita chini kwa maandishi. Katuni nyingi ni dublaj kwahiyo kama uko na mtoto uliza kabisa dirishani. Halafu katikati taa zikiwaka usiondoke jamani, mara nyingi ni mapumziko tu, nunua bisi urudi. Siku za kazi metro inafunga kama saa sita usiku, chukua shoo ya mapema.