Kuchagua Chuo Baada ya Kidato cha Nne: Anza na Kazi, Jina la Chuo Lifuate

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi na wanafunzi wa hapa Tanga huniuliza swali moja: "Mwalimu, chuo kipi kizuri?" Nami huwarudishia swali: kizuri kwa kazi gani? Chuo kinachomfaa atakayetibu ng'ombe hakimfai atakayefunga umeme, hata kama vyote viwili vina majengo ya kupendeza. Nimekuwa mwalimu wa ushauri kwa miaka mingi, na ninalolishikilia ni hili: nenda chuo kitakachokutia kazi yenyewe mikononi mapema. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ule ule ninaoutumia nikikaa na mwanafunzi na mzazi wake.

Hatua ya 1: Soma matokeo yako somo kwa somo

Wengi husoma divisheni wakaishia hapo. Wakiona divisheni ya nne wanakata tamaa na kuanza kutafuta chuo chochote kinachopokea. Subiri kwanza. Vyuo vingi vya kati huangalia masomo uliyofaulu. Kwa mfano, uuguzi na ukunga, pamoja na utabibu, huomba ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sasa tuseme una D katika hayo matatu, D ya Kiswahili, na F tatu. Alama zako ni 31, divisheni ya nne, na bado sifa za chini za kuomba unazo. Mwenzako wa divisheni ya tatu asiye na Fizikia hana. Lakini kuwa na sifa si kuchaguliwa. Nafasi ni chache na wenye ufaulu wa juu hutangulia, kwa hiyo usiweke matumaini yote kwenye chuo kimoja.

Ikiwa ni somo moja tu linalokufungia mlango wa kazi unayoipenda, fikiria kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea mwezi Novemba. Mwaka mmoja wa kupambana na Fizikia ni afadhali kuliko miaka mitatu ya kozi usiyoitaka.

Kwa wa kidato cha sita wanaolenga chuo kikuu, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake.

Hatua ya 2: Andika kazi, kisha kozi, kisha vyuo

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya kazi, na uijaze kabla ya kugusa nyingine.

Ukiwa Tanga huna haja ya kwenda mbali kuziona kazi. Kuna bandari, kuna saruji kule Pongwe, kuna mkonge, maziwa, hospitali ya rufaa ya Bombo, na bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani. Tafuta watu wawili wanaofanya kazi uliyoiandika. Amkia kwanza, jitambulishe mtoto wa nani na unatoka wapi, omba dakika chache, wala usimfuate mtu katikati ya zamu yake. Muulize siku yake ya kazi inaanzaje na kuishaje. Muulize alisomea nini. Kisha uliza swali ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, la fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini: "Wakija vijana wa fildi hapa kwenu, wa chuo gani mnafurahi kuwapokea, na kwa nini?" Jibu la hapo hulipati kwenye tangazo lolote la redio.

Sasa jaza kozi na vyuo. Mkoani mwetu mifugo inafundishwa LITA kampasi ya Buhuri, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tanga mjini, vipo vyuo vya afya, na Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Anayependa bahari au jukwaa atazame Bagamoyo: FETA kampasi ya Mbegani inafundisha uvuvi, na TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi. Soma pia chuo kinamlenga nani. ADEM ya hapo hapo Bagamoyo, kwa mfano, huandaa viongozi wa elimu, wengi wao walimu walio kazini.

Wazazi wangu, naomba tusiidharau VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi. Nimeona familia ikiuza shamba ili mtoto apate stashahada ya ofisini, huku mtoto mwenyewe tangu darasa la tano anafungua redio na kuzifunga zikaimba. Fundi umeme aliyesoma akapata leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anafanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Na mwenye cheti cha kidato cha nne akifika ngazi ya tatu ya ufundi stadi, zipo kozi za stashahada zinazompokea. Mlango wa kuendelea haujafungwa.

Hatua ya 3: Hakiki usajili wa chuo, kisha wa kozi

Hapa sibembelezi. Vyuo vya kati na vya ufundi stadi husimamiwa na NACTVET, vyuo vikuu na TCU. Ingia kwenye tovuti ya NACTVET, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili wa mwaka huu, hakina malipo. Humo utakuta jina la chuo, namba ya usajili, wilaya, kozi, sifa za kujiunga, muda, idadi ya nafasi na ada.

Angalia mambo mawili ambayo watu huyaruka. Jina la kwenye kitabu lilingane na la kwenye kibao cha getini, kwa ukamilifu wake. Na kozi unayoitaka iwemo, kwa maana chuo kinaweza kusajiliwa kikawa na kibali cha kozi tatu huku kikitangaza tano. Ukiambiwa "hiyo inashughulikiwa, mwakani itatoka," ishughulikiwe kwanza, wewe utaomba mwakani.

Fahamu pia ngazi unayoingia. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Muulize msajili: nikianza ngazi ya 4, mnayo ya 6 hapa hapa, au nitahama njiani?

Hatua ya 4: Nenda ukakione

Nauli ya kutoka stendi ya Kange hadi chuo unachokitaka ni fedha iliyotumika vizuri. Nenda siku ya kazi, ufike kama saa nne asubuhi, masomo yakiwa yamekolea. Aga nyumbani, vaa kwa heshima, mwamkie mlinzi na umweleze shida yako bila kujificha.

Ukishapokelewa ofisini, omba kuonyeshwa mahali pa vitendo kabla ya madarasa. Chuo cha mifugo kiwe na mifugo. Chuo cha uvuvi kiwe na boti na nyavu. Chuo cha afya kiwe na chumba cha mazoezi chenye vitanda na mifano ya mwili, na kikutajie hospitali inayopokea wanafunzi wake. Chuo cha sanaa kiwe na jukwaa linalotumika. Tazama vifaa kwa utulivu. Mashine yenye mafuta mikononi mwa wanafunzi, na kelele, inaniambia mengi. Mashine iliyofunikwa nailoni ya kiwandani, safi, huku vumbi limetanda juu ya nailoni, nayo inaniambia mengi. Uliza kifaa kimoja kinatumiwa na wanafunzi wangapi kwa kipindi kimoja.

Kisha toka nje ya geti, ukakae kwa mama lishe. Wanafunzi wa mwaka wa pili utawakuta hapo, na hapo ndipo wanaposema. Waulize kwa upole: walimu wanaingia? Mwaka jana fildi mlikwenda wapi, na nani aliwatafutia nafasi? Matokeo ya mtihani yanachukua muda gani kutoka? Wangapi mlianza na wangapi mmebaki? Waulize zaidi ya mmoja, kwa sababu mwenye sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, ana uchungu wake na anayeongoza darasa ana raha yake. Wote wakigusia jambo lile lile, liandike.

Huwezi kusafiri? Tafuta mhitimu wa chuo hicho mtaani kwako. Makorora, Ngamiani, Mabawa, hutakosa mtu.

Hatua ya 5: Piga hesabu nzima ya fedha

Ada ni sehemu tu. Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga, na ujumlishe kila mstari: usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, sare, vifaa, hosteli, gharama za fildi. Halafu weka maisha yenyewe. Tuseme ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Chumba cha 40,000 kwa miezi 10 ni 400,000. Chakula cha 4,000 kwa siku 300 ni 1,200,000. Jumla 2,800,000, na bado hujapanda daladala. Chakula kimelingana na ada! Ndiyo maana chuo cha mjini kwenu, ukiwa unalala na kula nyumbani, kinaweza kukugharimu chini ya nusu ya chuo cha mbali chenye ada ile ile.

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo hata kwa stashahada, katika maeneo machache ya kipaumbele yakiwemo afya na mifugo. Mwongozo hutoka kila mwaka, usome wewe mwenyewe. Mkopo ni deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akuahidi nafasi, hata awe jirani, hata awe ndugu. Malipo ya chuo cha serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, na ya chuo binafsi yaingie akaunti yenye jina la chuo. Risiti itunze.

Hatua ya 6: Omba mapema

Jina la cheti cha kuzaliwa lilingane na la cheti cha mtihani, herufi kwa herufi. Likitofautiana, shughulikia kisheria sasa hivi, maana utakwama kwenye mkopo na baadaye kwenye ajira. Tumia namba ya simu ya kwako au ya mzazi; ya mwenye duka la intaneti itakupotezea ujumbe wa majibu. Wa chuo kikuu aliyepata zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja kabla muda haujaisha.

Hatua ya 7: Miezi ya kwanza chuoni

Huku nyumbani tunashangilia mtoto kapata chuo, na huko chuoni ndiko wengi wanakopotea. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu. Mazoezi, majaribio na kazi za vitendo huingia kwenye alama ya mwisho, kwa hiyo anayesubiri wiki ya mtihani ameshapoteza sehemu. Anayetaka kuendelea na shahada akumbuke kwamba vyuo vikuu kwa kawaida humtaka mwenye stashahada awe na GPA, yaani wastani wa ufaulu wake, isiyopungua 3.0. Weka namba hiyo akilini kuanzia semista ya kwanza.

Masomo ni kwa Kiingereza, na wengi wetu tunakielewa kuliko tunavyokisema. Usikae kimya kwa sababu hiyo. Kila jioni chukua ulichofundishwa, mweleze mwenzako kwa Kiswahili hadi aelewe, kisha kiandike kwa Kiingereza kwa maneno yako. Mjue pia mwalimu mmoja wa vitendo kwa karibu, yule anayebaki karakana wenzake wakiondoka. Mwombe umsaidie kupanga vifaa. Utagusa mashine mara nyingi kuliko darasa zima.

Hatua ya 8: Fildi

Fildi ni usaili mrefu, ingawa hakuna anayekuambia hivyo. Anza kutafuta nafasi semista nzima kabla, ukirudi kwa wale watu wawili wa hatua ya 2. Sasa wanakufahamu, na wewe una barua ya chuo mkononi.

Ukishapokelewa, fika kabla ya msimamizi wako. Jifunze majina ya watu wote, wakiwemo wasafishaji na madereva. Ukikosa cha kufanya, uliza, "Bosi, nisaidie nini?" Logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, ijaze kila siku na isainiwe kila wiki, nimewaona vijana wakifukuzia saini za miezi miwili siku ya mwisho, msimamizi akiwa likizo. Andika ulichofanya kwa mikono yako: "nilimchanja ng'ombe chini ya usimamizi," wala usiandike "nilijifunza mambo mengi." Wiki ya mwisho omba barua inayotaja kazi ulizoziweza, na ruhusa ya kumtaja msimamizi wako kama mdhamini.

Ukimaliza chuo, fuatilia yote yanayokuhusu bila kungoja kuitwa: cheti, transkripti, na namba ya uhakiki ya NACTVET kama utaomba shahada. Muuguzi ana mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga mbele yake, hivyo madaftari asiyagawe bado. Nakala za kila karatasi zikae sehemu mbili: moja kwako, nyingine kwa mama.