Kutunza Iskra nje ya hangari: anza na maji, rangi baadaye

Mwezi uliopita nilimsaidia mzee mmoja hapa mashariki mwa Poland, mkulima mstaafu mwenye TS-11 Iskra uani kwake. Wiki hiyohiyo fundi mwenzangu wa Tanga, sasa yuko Ujerumani, akanipigia akiuliza yaleyale: jinsi ya kuitunza ndege kama hiyo inayokaa nje. Bora niyaandike mara moja.

Kwa asiyeijua: Iskra, yaani "cheche" kwa Kipolandi, ni jeti ya kufundishia marubani iliyobuniwa na Tadeusz Sołtyk, TS ni herufi za jina lake. Iliruka mara ya kwanza Februari 5, 1960, na kiwanda cha Mielec kiliendelea kuiunda hadi 1987, zaidi ya 400. Jeshi limeshazistaafisha, nyingine zimeangukia mikononi mwa watu binafsi. Ninayoeleza hapa ni ya ndege ya kusimama tu. Wa kuirusha atafute fundi mwenye leseni.

Hatua ya 1: Kiti. Usipande ndani kabla hujajua hali yake. Kiti hicho humrusha rubani nje kwa baruti. Karatasi ya muuzaji ikisema baruti imetolewa, mwite anayevijua viti hivyo aione kwa macho yake.

Hatua ya 2: Saa za dashibodi, yaani vipimo. Za zamani huweza kuwa na rangi ya radiamu, ile ing'aayo gizani. Zipime mionzi, na kioo chake usikifungue hata kama kimeingia ukungu.

Hatua ya 3: Maji. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima.

Chini ya tumbo na mkia kuna matundu madogo ya kutolea maji. Karibu kila ndege niliyoikuta imepakwa rangi upya na mtu asiyejua, matundu yamezibwa. Yazibue kwa kijiti cha mbao au waya laini wa shaba, si msumari. Ndani utakuta rangi, vumbi lililoganda, na viota vya nyuki wa udongo.

Tuliyazibua yote. Mvua ikanyesha, nikagonga mkia kwa vidole: bado unalia kama mtungi uliojaa nusu. Nikalaumu mpira wa kifuniko cha rubani, na kweli ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma, tukaubadilisha. Hali ileile. Mwishowe nikamwaga lita 5 ndani, nikakinga ndoo chini. Zikatoka 2.

Kumbe mzee alikuwa ameweka gurudumu la mbele juu ya tofali la zege ili ndege ionekane kama inapaa. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini matundu yamewekwa kwa ndege iliyosimama sawa. Ukiinua pua, maji yanayapita na kukusanyika nyuma ya tundu la mwisho, huko mkiani. Majira ya baridi yakifika yanaganda, barafu inatanuka, bati la alumini linavimba na ribiti, vile vipini vinavyoshikilia bati, zinalegea. Tulishusha pua, zile lita 3 zikatiririka zenyewe.

Ukiwa huna budi kuinua pua, toboa tundu jipya la milimita 6 mahali pa chini kabisa. Kwanza fungua kipande cha ukaguzi, tazama ndani kwa kamera ya waya: mifumo ya usukani wa mkia inapita humo. Ukishatoboa, paka praima (rangi ya msingi) ukingoni, la sivyo umeanzisha ulikaji kwa mkono wako. Rudia jaribio la ndoo kila Oktoba.

Hatua ya 4: Kuosha. Mashine ya presha siitaki karibu na ndege. Inasukuma maji kwenye maungio na kung'oa maandishi ya asili. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, sponji. Ukiona unga mweupe pembeni mwa ribiti, usugue kwa brashi ya nailoni. Brashi ya chuma huacha chembe ndani ya alumini, na hapo ndipo ulikaji unapoanza upya. Kausha, kisha nta.

Hatua ya 5: Kifuniko cha rubani. Ni plastiki, si kioo. Dawa za vioo zenye amonia na thina huleta nyufa ndogondogo zisizorudi. Kifunike kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la nailoni hufungia unyevu ndani; nililiona mara moja, sijalirudia.

Hatua ya 6: Weka ndege juu ya stendi, matairi yasibebe uzito.

Hatua ya 7: Midomo ya kuingizia hewa, pale kwenye mashina ya mabawa. Izibe kwa plaiwudi yenye vitobo vidogo kabla ya Machi, kwezi hawajaanza kujenga viota. Mzee alichelewa. Sasa anasubiri makinda yaruke ndipo aguse injini.