Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne na Kuchagua Tahasusi

Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, wazazi wengi huuliza daraja tu, ilhali daraja peke yake halionyeshi mwanafunzi asome tahasusi gani, yaani mchanganyiko upi wa masomo matatu, kidato cha tano.

Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa shule kwenye tovuti ya Baraza, kutafuta namba ya mtahiniwa na kunakili alama ya kila somo. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, ni kujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi. Jumla isizidi 10, pasiwe na F ndani yake, na mwanafunzi awe na angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini.

Tuchukue mwenye B za Historia, Jiografia na Kiswahili, C za Uraia, Kiingereza, Kemia na Baiolojia, D ya Fizikia na F ya Hisabati. Ana daraja la pili la pointi 18. HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) inampa pointi 7, CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) 8, na PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) 10, yaani ukingoni kabisa, wakati PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) imefungwa na ile F ya Hisabati. Kutimiza sifa si kupata nafasi, kwa kuwa wanaoomba hushindanishwa. Kwa hiyo mimi humshauri aitazame ile D ya Fizikia kwa makini kabla ya kung'ang'ania PCB. Hata hivyo, ajue mapema kwamba shahada ya udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, na CBG haitamfikisha huko.

Hatua ya tatu ni kuingia kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa machaguo wa TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), pindi dirisha la kubadili machaguo linapofunguliwa, na kurekebisha tahasusi alizojaza kabla ya mtihani, wakati alama zake zilikuwa bado hazijulikani.

Aliyekosa sifa hizo lakini ana ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kwa D, aangalie kozi za cheti katika vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi), akihakikisha masomo ambayo kozi husika inayataka. VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) nayo ipo, na anayetaka kurudia hujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea.