Jinsi ya Kuchagua Ampli ya Gitaa ya Betri kwa Mwanamuziki wa Safari

Wiki iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa Katuba kununua ampli katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Anapiga gitaa la solo kanisani, na sasa ameanza kuitwa nje: harusi Kipushi, matanga Likasi, ibada ya shukrani Kolwezi. Kote huko umeme ni wa kubahatisha, na jenereta ya mwenye shughuli inawasha taa na friji kwanza, gitaa baadaye. Tulizunguka tangu asubuhi hadi saa tisa mchana. Haya ndiyo niliyomwambia njiani, nimeyapanga kidogo tu.

Habari za kuchomeka waya na kukaza nyuzi sizigusi. Kama umefika hatua ya kutafuta ampli ya safari, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Hesabu watu, kisha uliza kama kuna ngoma

Kwa mazoezi chumbani au kusindikiza waimbaji wanne waliokaa kwenye viti, wati 3 hadi 5 zinatosha. Uani, watu 50 wakiimba na kupiga makofi, anzia wati 10 na spika ya inchi 6 au zaidi. Kukiwa na drum seti, usiende na kitu chini ya wati 25.

Wengi hudhani wati 10 hutoa sauti mara mbili ya wati 5. Sikio halihesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, hicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Nyongeza inasikika, lakini si kubwa. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati ziwe kama mara 10. Kwa hiyo usitoe dola 60 zaidi ili utoke wati 5 ufike 8. Weka ampli juu ya kiti, ielekee masikio ya watu badala ya miguu yao, utaona tofauti kubwa kuliko hiyo na hujalipa chochote.

Hatua ya 2: Soma adapta, usisome katoni

Duka la pili muuzaji alitutolea spika yenye taa za rangi, katoni imeandikwa wati 300 PMPO. Kijana akanigeukia, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, si ndiyo hii yenyewe?" Nikaomba kuona adapta yake. Imeandikwa 12 V, 2 A. Zidisha: ni wati 24. Kifaa kinachotegemea adapta hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko inayoingia, na sehemu ya hizo 24 hupotea kama joto. PMPO ni mkurupuko wa sehemu ndogo ya sekunde ambao kila kiwanda huupima kivyake. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo. Isipoandikwa, zidisha volti kwa ampea za adapta, ukate robo au theluthi. Hesabu hiyo ya vidole inatosha dukani.

Hatua ya 3: Isikilize ikiwa safi

Sisi watu wa Katanga tuna haki ya kuwa wakali hapa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, kwa gitaa kavu bila ampli. Kila noti inasikika peke yake: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinajibu juu. Mtindo wa vidole viwili haufichi kitu. Ampli inayoanza kukwaruza sauti ikifika nusu itageuza besi na solo kuwa uji.

Kwa hiyo ukiwa dukani zima efekti zote, punguza geini (kitufe kinachoongeza mkwaruzo), panda sauti hadi robo tatu. Piga uzi wa sita kwa gumba huku kidole kikiendelea kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Kama nyuzi nyembamba zinazama kila gumba linapotua, rudisha. Usikubali kuonyeshwa ampli kwa simu ya Bluetooth inayopiga rumba iliyokwisha kurekodiwa. Rumba hiyo ilichanganywa studio, itasikika vizuri hata kwenye redio ya jikoni.

Mwenye gitaa kavu lenye pikapu ya piezo, ile inayonasa mtetemo wa mbao, atafute ampli yenye mlango wa gitaa kavu. Kwenye mlango wa gitaa la umeme, mara nyingi piezo hutoa sauti nyembamba inayochoma.

Hatua ya 4: Betri

Ningeweza kuandika hatua hii peke yake na kuacha nyingine zote.

Msimamo wangu: chagua ampli inayotumia betri ndogo za AA, zile za rimoti na saa ya ukutani, kabla ya ampli yenye betri ya lithiamu iliyofungwa ndani. Ile ya ndani ni rahisi siku ya kwanza. Lakini ikichoka baada ya miaka miwili mitatu, seli ya kubadilisha huipati Kolwezi, na mara nyingi huipati hata hapa. AA unazipata kwenye kibanda chochote cha barabarani. Ila sasa kuna AA na AA, na hilo nililijifunza vibaya.

Nilikuwa Likasi kwenye matanga, kama kilomita 120 kutoka hapa. Saa mbili usiku betri zangu zikaisha, nikatuma mtoto kibandani, akarudi na sita mpya. Ampli ikawaka, taa ya kijani, sauti nzuri. Nikaanza kupiga. Kila gumba lilipotua kwenye uzi wa sita, ampli ilizimika, kisha ikajiwasha yenyewe. Nyuzi nyembamba, hakuna shida. Uzi mnene, inazima. Nikabadilisha waya wa gitaa. Nikafungua jeki, nikasugua, nikafunga. Nikaazima gitaa lingine. Nikapima betri moja moja kwa multimeta, kile kifaa cha kupimia volti: zote sita zilisoma zaidi ya volti 1.5. Nikaamini kwamba ampli imeungua. Saa saba usiku wazee walikuwa bado wanaimba bila gitaa, na mimi nimekaa na bisibisi mkononi.

Fundi redio mmoja mzee, aliyekuja kuomboleza kama sisi, ndiye aliyeniambia: "Mwanangu, unapima betri iliyolala. Ipime ikiwa kazini." Akaacha kifuniko wazi, akaniambia nipige besi, akagusa betri moja moja kwa nyaya za multimeta. Tano zilishuka kidogo tu. Ya sita iliporomoka vibaya. Akaitoa, akaileta kwenye taa. Tano ziliandikwa LR6. Ile moja iliandikwa R6. Mwenye kibanda alikuwa amechanganya pakiti mbili.

Shika hili kichwani, kwa sababu rangi na picha ya simba kwenye betri havitakusaidia. LR6 ni alkalaini. R6, wakati mwingine R6P, ni zinki na kaboni, inafaa saa na rimoti. HR6 ni Ni-MH ya kuchaji. R6 ina volti zake kamili ukiipima bure, lakini ndani ina ukinzani mkubwa. Ampli ikidai mkondo mwingi kwa ghafla, na besi ndiyo inayodai zaidi, volti zinaporomoka. Betri zimepangwa mstari mmoja, kwa hiyo moja mbovu inaangusha sita zote. Usichanganye aina. Usichanganye mpya na za zamani, hata za aina moja. Huna multimeta? Panda sauti hadi robo tatu, piga uzi wa sita mtupu kwa nguvu mara kumi, uangalie taa ya ampli. Ikififia kila unapopiga, betri hizo hazitamaliza shughuli.

Mimi natumia HR6 za kuchaji, seti mbili za sita sita, na ndizo nilizomnunulisha kijana. Mambo ya kujua kabla hujalipa:

Ya kuchaji ina volti 1.2, si 1.5. Sita ni 7.2 badala ya 9. Ampli nyingi zinaikubali, lakini taa ya onyo inaweza kuwaka mapema. Soma kitabu chake kama kinataja Ni-MH. Kama kinakataza, tii.

AA ya kuchaji iliyo ya kweli ina mAh (kipimo cha chaji inayobeba) kama 2000, nzuri sana zinafika 2500 na kidogo. Iliyoandikwa 4000 ni uongo. Ipime mkononi: ya kweli ina gramu 26 hadi 30, na bandia nyingi ni nyepesi, unahisi mara moja ukishika mbili tofauti. Zile za jina la Eneloop zinatunza chaji miezi mingi zikiwa kwenye begi, lakini bandia zake zimejaa; nunua kwa mtu utakayemkuta tena kesho.

Chaja iwe ile inayoangalia kila betri peke yake, yenye taa nne kwa betri nne. Za taa moja kwa betri mbili huacha moja njaa na nyingine imeshiba kupita kiasi, na hapo unarudi kwenye shida yangu ya Likasi. Ikiwa inatumia USB, bora zaidi: unachaji kwa pawabenki ndani ya taksibasi.

LR6 na R6 usizichaji kamwe. Na ampli ikikaa bila kazi zaidi ya wiki mbili, toa betri. Alkalaini ikivuja inakula springi. Ukikuta unga mweupe, loweka kitambaa kwa tone la ndimu au siki, futa, kausha vizuri.

Neno moja kuhusu adapta, siku umeme ukiwepo. Karibu na tundu la ampli kuna alama ya duara lenye + na −. Adapta nyingi za ruta za intaneti zina chanya katikati. Pedali nyingi za gitaa, na baadhi ya ampli, zinataka hasi katikati. Kichwa kinaingia sawa, volti ni sawa, na ampli inaweza kuungua. Linganisha alama hizo mbili kila unapoazima adapta ya mtu, hata kama bwana harusi anakuharakisha.

Ukiamua bado kuchukua ya lithiamu ya ndani, sikulaumu, ila ihakikishe inachaji kwa USB-C ya kawaida na inapiga huku ikichaji bila mvumo. Jaribu hapo hapo dukani na pawabenki yako. Ukipanda ndege, pawabenki inakaa begi la mkononi, na kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa) 100. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74.

Hatua ya 5: Majina

Roland Micro Cube GX: wati 3, spika ya inchi 5, AA sita, kilo 2.7. Hii ndiyo ninayoibeba kwenye vikao vidogo, na ndiyo kijana aliyonunua ya kuanzia, iliyotumika; kwa uani wenye watu wengi, hesabu ya hatua ya 1 inabaki pale pale. Boss Katana Mini: wati 7, AA sita, nyepesi zaidi, inafaa gitaa la umeme. Roland Cube Street EX: wati 50, AA nane, ina mlango wa maikrofoni na kitufe cha kupunguza nguvu ili betri zidumu, ina kilo 7 na zaidi, lakini kwa uani wenye ngoma sijaona ya betri ndogo ninayoiamini kuliko hiyo.

Hatua ya 6: Barabarani

Ifunge kwa kitenge, kisha mfuko wa nailoni, kwa sababu vumbi la kiangazi linaingia kwenye vitufe na kuvifanya vikwaruze. Toa betri kabla ya kupanda gari. Swichi ikigongwa na gunia la makaa utafika Kolwezi na ampli iliyopiga kilomita 300 peke yake. Seti ya pili ya betri iweke kwenye kikasha cha plastiki, si mfukoni pamoja na funguo, na uiandike kwa kalamu: A kwa seti ya kwanza, B kwa ya pili, zisichanganyike gizani.